Ukisema "nishushie gari", fundi akate wapi?

Mteja akifika karakana yetu Ndeeba, hapa Kampala, akasema "nishushie gari", mimi humuuliza kwanza: nikate wapi? Kwetu mafundi wa bodi kushusha ni kazi nne tofauti, na anayezichanganya hulipia asichokitaka. Majina yake mengi yalitoka Marekani, hasa California, ambako vijana walikuwa wakikata Ford na Mercury za zamani miaka ya 1940 na 1950.

Nyepesi kuliko zote ni kushusha springi. Gari lote linakaribia ardhi na bodi haiguswi. Kwa matuta na mashimo ya Kampala, siishauri.

Chaneli ni jambo jingine. Sakafu inakatwa ili bodi ishuke na kuivaa chesisi, yaani fremu ya chuma inayoibeba. Chesisi yenyewe haisogei, hivyo haitagonga tuta zaidi ya zamani. Kinachopungua ni nafasi ya miguu, kwa sababu sakafu imepanda ndani. Land Cruiser 70 au Hilux inaweza kufanyiwa hivyo, kwani ina chesisi ya peke yake. Premio na Forester hazina: bodi ndiyo chesisi, na ukiikata sakafu umekata uti wa mgongo.

Sekshoni ni kutoa ukanda wa bati kuzunguka tumbo la gari, milango na madigadi pamoja, kisha kuunganisha juu na chini. Ni wachache wanaoithubutu.

Chopu, yaani kushusha paa, ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Watu hudhani ni kupunguza nguzo za paa na kuchomelea basi. Lakini nguzo zimelala: kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyokaribiana. Ukitoa sentimita nane, paa linashuka mahali ambapo nguzo zimeachana zaidi, na ncha hazikutani tena. Hapo ama unalikata paa katikati na kuongeza bati, ama unazilaza nguzo zaidi. Ile Mercury ya 1951 ambayo karakana ya Barris huko California ilimtengenezea mteja wao Bob Hirohata mwaka 1952 ilikatwa zaidi nyuma kuliko mbele, ndiyo maana paa lake linateremka vizuri hivyo. Kabla ya msumeno kugusa chochote, funga milango na uchomelee vyuma vya kushikilia ndani, la sivyo bodi itapanuka na milango haitafunga tena. Fikiria vioo pia mapema. Kioo cha mbele kina tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, fundi makini anaweza kukikata. Vya milangoni vimekazwa kwa moto. Ukivikata vinasambaratika chembechembe, kwa hiyo agiza vipya.

Kuna pia majina ya kazi zisizoshusha gari. Kunyoa ni kuondoa vitasa, nembo na mapambo na kuziba matundu. Kufrenchi ni kuzamisha taa ndani ya bati zionekane zimeota humo. Zamani matundu na maungio yalijazwa risasi iliyoyeyushwa, kabla filla ya plastiki haijaenea. Ukikuta risasi kwenye gari la kale usiipige grainda bila barakoa. Vumbi lake ni sumu.

Wateja wetu wengi, kusema kweli, wanataka kunyanyua. Kunyanyua bodi ni kuweka vipande kati ya bodi na chesisi: unapata nafasi ya tairi kubwa, lakini chesisi inabaki palepale. Kunyanyua springi hupandisha chesisi pamoja na bodi. Katika njia zote mbili difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, kama ni ya ekseli nzima inabaki chini vilevile mpaka uongeze tairi, na difu ndiyo inayogonga jiwe.

Kuna pia paa la kufunguka la magari ya watalii wa hifadhi za wanyama za Murchison na Queen Elizabeth. Tundu kubwa hivyo linaondoa nguvu ya paa, kwa hiyo fremu ya chuma inatangulia kuchomelewa pembeni, ndipo bati likatwe. Ukiagiza kazi hiyo, omba kuiona fremu kabla kitambaa cha ndani hakijaifunika, na ubonyeze maungio kwa mkono wako mwenyewe.