Kukodi ndege hakukutoi kwenye ukaguzi

Wiki hii tena, uwanja wa Arusha, wakala wa utalii amesimama na wageni wake anang'aka: "Dada, ndege tumeikodi yote, mnatukagua ili iweje?" Kazi yangu ni usalama wa ndege za kukodi, na swali hili limenichosha kwa sababu linatoka kwa watu wa sekta yetu wenyewe.

Wageni siwalaumu. Marekani mwenye ndege yake binafsi huenda na gari hadi karibu na bawa, akapanda. Wakala wa Arusha hana udhuru huo. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, kinachohusu usalama wa usafiri wa anga, kilipitishwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mwaka 1974, na hapa kwetu TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ndiyo inayosimamia. Abiria wa Caravan, ndege ndogo ya injini moja, anapita kwenye mashine kama wa ndege kubwa. Basi.

Kinachonikera hasa ni kifurushi. Ndege ya Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, inakaribia kuwasha injini, anafika kijana wa bodaboda na boksi limezungushiwa selotepu. "Mpe meneja wa kambi, ni vipuri vya jenereta tu." Nani amelifunga? Hajui, katumwa. Rubani anamfahamu, meneja tunamfahamu, kwa hiyo mimi ndiye naonekana mkorofi. Jamani, ninayemjua ni kijana, boksi silijui! Kujuana kunatusaidia sana kazini, na hapo hapo ndipo penye tundu.

Wala siwazii bomu kila mara. Nawazia betri za lithiamu, kabureta iliyobaki na petroli, kopo la gesi la jiko la mlimani. Kopo la gesi haliendi, hata likiwa limebaki robo. Betri ya akiba inakaa na abiria ndani, kwa sababu ikianza kufuka moshi mtu ataiona na kuishughulikia. Ikiwa kwenye sanduku la mizigo lililo chini ya tumbo la Caravan, hakuna mkono unaoifikia mkiwa angani. Bunduki za wawindaji zina utaratibu wake: kibali, haina risasi ndani, risasi zimefungwa kando na hazizidi kilo 5 kwa mtu.

Halafu kuna wanaorudi. "Tumetoka Serengeti, hawa ni wageni wetu, wapitishe moja kwa moja." Viwanja vingi vya hifadhini havina mashine. Mgeni anayeunganisha ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA) lazima akaguliwe upya, kwani asiyekaguliwa akichanganyika na waliokaguliwa, ukumbi mzima umeharibika: watu watoke, upekuliwe, waanze tena.

Kuna jambo moja linanipa mashaka. Ndege ikilala porini tunabandika lakiri mlangoni. Lakiri itaniambia kama mlango umefunguliwa. Mtu aliyegusa magurudumu au kifuniko cha injini haitaniambia habari zake. Namwamini zaidi rubani anayeizunguka ndege yake alfajiri na tochi, akipapasa kila tundu, ingawa kwenye karatasi lakiri ndiyo inayoonekana ulinzi. Sijapata jibu la kuniridhisha.

Ninyi mawakala, boksi la kambini lileteni mapema, likiwa wazi, na aje nalo mtu anayejua kilichomo. Likishakaguliwa, nitalifunga mwenyewe mbele yenu.