Mgongo usioacha kuuma: maswali ya wakulima wa mwani

Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, na wanaoinama mashambani, Paje hadi Jambiani, wengi ni wanawake. Maswali haya ni yao.

Nimepigwa picha, haikuonyesha kitu. Ndiyo kusema najitia?

Hujitii. Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu, na mara nyingi jeraha lililoyaanzisha limeshapona zamani. Kilichobaki ni mishipa ya fahamu na ubongo kuwa wepesi mno wa kuhisi, hata jambo dogo likauma. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu hupita kama langoni kwenye uti wa mgongo, na ubongo una uwezo wa kulifungua zaidi au kulibana. Hofu, huzuni na kukosa usingizi hulifungua. Ndiyo maana siku ya ugomvi nyumbani mgongo huzidi, na ukiwa umekolea kwenye soga na shoga zako husahau kidogo. Maumivu ni ya kweli nyakati zote mbili.

Nipumzike mpaka yaishe?

Hapa ndipo penye kazi. Bamvua likiingia, yaani siku maji yanapokupwa sana, mtu hutaka kufidia siku zote za maji mafu, yanapokupwa kidogo tu: anainama mpaka maji yajae, anabeba polo la mwani mbichi, kesho yake haamki. Analala siku kadhaa, misuli inalegea, bamvua jengine linamkuta dhaifu zaidi.

Ushauri wa kawaida ni kugawa kazi kwa saa, lakini bahari haimsubiri mtu. Mimi naona ugawe bamvua lenyewe. Angalia unaweza kuinama muda gani kabla maumivu hayajapanda. Ikiwa ni dakika 20, wewe fanya 15, kisha nyooka, tembea, au kaa ufunge mbegu kwenye kamba. Nyooka hata kama hujaumwa bado. Siku unayojiona mzima ndiyo ya kujizuia. Ukizoea, ongeza kidogo kidogo. Na maji mafu yasiwe ya kulala tu, tembea japo mpaka dukani.

Nikiinama naona mgongo utakatika. Si bora niache?

Ukiacha kabisa, mgongo hukakamaa na hofu hukua. Kusali kwenye kiti ni ruhusa kwa mwenye udhuru, wala asikuseme mtu. Ila kama kilichokuweka kitini ni woga tu, jizoeze nje ya sala: weka mikono kitandani, inama taratibu huku ukivuta pumzi ndefu. Kuuma kidogo hapo hakumaanishi umejiumiza upya.

Daktari kanipa dawa ya sonona. Kaniona mwendawazimu?

La. Amitriptilini kwa dozi ndogo hutumika kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Linalonitia wasiwasi zaidi ni diklofenaki ya kununua dukani kila siku: huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Lini nikimbilie hospitali?

Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi baina ya mapaja, miguu ikikosa nguvu, au mgongo ukiuma pamoja na homa au kukonda bila sababu. Na ukianza kuona bora ufe, hiyo nayo ni dharura: mwambie mtu wa nyumbani leo hii, akupeleke.