Kupasua gogo kubwa la mkongo kwa mashine ndogo: kazi inayoanza kabla ya injini kuwaka

Gogo lilikuwa na kipenyo cha sentimita 92 na urefu wa mita 3. Mashine tuliyoivuta kwa trela hadi msituni ni ile ndogo ya msumeno wa utepe, yenye injini ya petroli, na mwisho wake ni gogo la sentimita 70. Wajumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji waliitazama mashine, wakalitazama gogo, kisha wakanitazama mimi. Mzee mmoja aliyepasua mbao kwa msumeno wa mkono tangu ujana wake akauliza, "Sasa mwalimu, hilo litapita wapi?"

Swali hilo naulizwa karibu kila ninapokwenda kufundisha vijiji vya kusini mwa Tanzania. Nalijibu hapa kwa sababu nimeona magogo mazuri mno yakiishia kuwa kuni, na nimeona mengine, kwa uoga wa ukubwa wake, yakiuzwa yakiwa mazima kwa bei ya kutupa.

Mkongo ni mti wa thamani. Watu wa pwani, Lamu hadi Unguja, wanauita mbambakofi, na wengi wanazijua mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Ni mbao ya milango, ya majahazi na ya samani za kurithishana: ngumu, haichezi sana ikikauka, na mchwa hawaipendi. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kuuza mazao yake. Wilayani Kilwa, mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vikisaidiwa na shirika la uhifadhi la MCDI vilipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Hatua hiyo ni kubwa. Lakini gogo likiondoka kijijini likiwa gogo, kazi ya kupasua, na faida yake, inaondoka nalo. Mashine ya kuhamishika inabakiza kazi hiyo pale pale mti ulipoangukia.

Wengi wanaijua kazi hii kwa chenso, msumeno wa mnyororo unaoshikwa mkononi. Njia ya chenso ndani ya mti ina upana wa karibu sentimita 1. Njia ya utepe ni kama milimita 2. Chukua robo ya gogo lile letu, yenye kimo cha sentimita 46, uipasue mbao za inchi moja, kila moja ukiipa milimita 28 ili ibaki nafasi ya kusinyaa na kupigwa randa. Kwa chenso utapata mbao 12. Kwa utepe utapata 15. Mbao tatu katika kila robo zimegeuka unga na kupeperuka, na gogo lina robo nne.

Sasa nirudi kwa mzee. Gogo la sentimita 92 halipiti kwenye mashine ya 70, kwa hiyo ni lazima lipunguzwe kwanza, na hapa ndipo watu wanapokosea. Wengi wanafikiri kulipasua nusu kunatosha. Hakutoshi. Nusu ukiilaza kwa upande bapa, upana wake bado ni sentimita 92. Ukiisimamisha, kimo chake ni sentimita 92. Umefanya kazi ya saa nzima na uko pale pale. Gogo la namna hii ligawe robo nne, au lichonge mabanzi manene pande zake hadi lilingane na mashine.

Uchague lipi? Angalia moyo. Osha ncha zote mbili za gogo kwa maji, futa matope, utazame vizuri. Mkongo mkubwa mara nyingi una nyufa zinazotoka moyoni kama miale, au tundu la kuoza linaloingia ndani. Gonga kwa ubapa wa shoka kuanzia ncha moja hadi nyingine na usikilize sauti ikibadilika. Moyo ukiwa mbovu, gawa robo: ubovu wote unabaki kwenye kona ya kila robo na unauondoa kwa mkato mmoja au miwili. Moyo ukiwa mzima na mnunuzi wako anataka mbao pana za meza, chonga mabanzi pembeni. Mimi kwa mkongo wa umri ule hupendelea robo, hata kama napoteza upana, kwa sababu mbao zinazotoka robo hazijipindi kirahisi, na fundi wa milango atakushukuru.

Mstari wa kugawia unapigwa kwanza kwenye ncha, ukipita katikati ya moyo. Kama kuna ufa mkubwa, fuata ufa huo. Ufa ni mahali ambapo mti umeshaamua wenyewe kufunguka, na mkato utakaouvuka utakupa mbao zilizokatika vipande. Kisha unaunganisha ncha kwa uzi juu ya gogo. Siku ile mzee aliukataa uzi wangu wa chaki. Akachukua uzi wa pamba, akauchovya kwenye masizi ya betri kuukuu yaliyokorogwa na maji, akaubana kwa kidole gumba upande wake, akauvuta juu kidogo na kuuachia. Mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka kuliko wangu, na usiofutika kwa umande.

Chenso inapita kwenye mstari huo kutoka juu, kisha gogo linageuzwa na mkato unakamilishwa upande wa pili. Ingiza kabari za mti mgumu nyuma ya chenso kadiri unavyokwenda. Usitumie kabari za chuma, mnyororo ukizigusa utajuta. Gogo linapoachana, kila nusu inataka kubingirika upande wake. Mita moja ya ujazo ya mkongo mbichi hukaribia tani moja, na gogo lile lilikuwa karibu mita 2 za ujazo. Kwa hiyo kabla ya mkato wa mwisho weka vizuizi pande zote mbili, na mtu yeyote asisimame upande wa mteremko, hata kama ni kwa dakika moja ya kupiga picha. Kila nusu nayo ipasuliwe hivyo hivyo, iwe robo mbili.

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe, kwa sababu limewagharimu watu. Miaka ya nyuma, katika kijiji kingine, tulipanga reli za mashine asubuhi, tukazipima kwa pima maji, zikakaa sawa kabisa. Tukapakia robo ya gogo, nikawasha. Mbao ya kwanza ilitoka nzuri. Ya nne ilikuwa na inchi moja ncha hii na karibu inchi moja na nusu ncha ile. Udongo ulikuwa wa kichanga, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na reli ya upande mmoja ilikuwa imezama vidole viwili chini ya uzito. Nilipima reli zikiwa tupu, sikuzipima zikiwa zimebeba. Mbao zile hazikuuzika kwa kipimo, na fedha iliyopotea ilikuwa ya kijiji. Tangu siku hiyo naweka vipande vya magogo vilivyolazwa chini ya reli, na pima maji inarudi mara ya pili mzigo ukiwa juu, kisha tena baada ya kila kugeuza.

Kisha kuna unene wa gogo usiolingana. Ncha ya shina ni nene, ncha ya juu ni nyembamba. Ukililaza hivyo hivyo, msumeno utakata nyuzi za mti kwa mshazari na mbao itakuwa dhaifu. Kwa gogo linalopita zima kwenye mashine, pima kutoka kwenye kitanda cha mashine, pale gogo linapolala, hadi kwenye moyo, ncha zote mbili, kisha inua ile nyembamba kwa jeki na kabari hadi vipimo viwe sawa.

Utepe wenyewe una mambo yake. Kwa mbao laini kama za msindano mafundi hutumia jino lililoinama mbele kwa pembe ya nyuzi 10. Kwa mkongo, mninga au mvule, tafuta utepe wa nyuzi 7 au hata 4, maana jino lililoinama sana linachimba kwenye mti mgumu na utepe unaanza kupanda na kushuka. Mbao inatoka na mawimbi kama bati. Mawimbi yakianza, usilazimishe. Mara nyingi utepe umekuwa butu, au umelegea kwa joto, au unausukuma haraka kuliko unavyoweza kula. Tazama kinachotoka: chembe chembe ni dalili njema, unga laini kama wa ngano ni dalili kwamba meno yanasugua tu. Katika mti mgumu utepe mkali hudumu saa moja na nusu, mbili ukibahatika, kwa hiyo nenda msituni na tepe kadhaa zilizonolewa. Maji yenye sabuni kidogo yadondoke juu ya utepe wakati wote, na mkienda kula, legezeni utepe.

Anayepasua mvule ajue jambo moja zaidi. Ndani ya mvule huwa kuna mawe, mawe kweli, ya chokaa ngumu ambayo mti wenyewe umeijenga, hasa palipokuwa na jeraha. Mti unaoyazunguka huwa mweusi kidogo kuliko kwingine. Ukiona doa hilo kwenye uso wa ubao, punguza mwendo au geuza gogo, kwa sababu jiwe moja linamaliza meno yote kwa mzunguko mmoja. Kwa miti iliyokua karibu na nyumba, hofu ni misumari na waya wa kuanikia nguo. Pitisha sumaku baada ya kubandua magamba.

Robo ikiwa kitandani, ondoa kwanza kona ya moyo. Kisha toa ubao mmoja au miwili, igeuze kwa upande wake wa pili bapa, toa tena, na kadhalika. Gogo kubwa lina mvutano ndani yake tangu likiwa limesimama, na ukikata upande mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kilichobaki kitajikunja kama upinde. Sehemu nyeupe ya nje ya mkongo iondoe yote. Najua inauma kukata sentimita tatu nne za mti, lakini hiyo ndiyo chakula cha dumuzi, mdudu anayetoboa mbao, na mnunuzi atakayekuta unga chini ya mlango wake mwaka ujao hatarudi kijijini kwenu.

Hakuna anayesimama kwenye mstari wa utepe, mbele wala nyuma, kwa kuwa utepe ukikatika unaruka kufuata mstari huo huo. Miwani, viziba masikio, buti, na kitambaa au barakoa puani: vumbi la mkongo na la mvule linawasha pua na macho, na kwa wengine ngozi.

Mbao zikitoka, nusu ya pili ya kazi inaanza siku hiyo hiyo, wala isingoje kesho. Paka rangi nzito kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema kuliko katikati na kupasuka. Panga mbao kivulini, juu ya magogo yaliyoinuliwa na kusawazishwa, ukiweka fito za inchi moja kila baada ya sentimita 50. Fito za safu ya juu zikae sawasawa juu ya zile za chini, vinginevyo mbao zitapinda kufuata fito. Usizifunike kwa turubai hadi chini, hewa ipite. Kwa makadirio ya mafundi wetu, kila inchi ya unene inataka karibu mwaka mmoja. Weka mawe mazito juu ya safu ya mwisho.

Na kabla ya yote hayo, kabla hata trela haijaingia msituni, gogo liwe limegongwa nyundo ya alama na kuandikwa kwenye daftari la kijiji, namba yake ifuate mbao zake hadi kwenye hati ya kusafirishia. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliiingiza mikongo ya Afrika kwenye Kiambatisho cha II, kwa hiyo mbao zitakazovuka mpaka zinahitaji kibali cha CITES pia. Katibu wa kamati ya kijiji kile aliandika namba ya gogo kwa rangi nyeupe kwenye ncha ya kila ubao, na tarehe ya kupasuliwa chini yake. Mzee alishika ubao wa kwanza, akaupitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, akaurudisha kwenye safu na kuomba zamu ya kusukuma mashine.