Cheti cha kupiga mbizi peke yako: kinathibitisha nini?

Mtu akisikia kuna kozi ya kumwandaa mpiga mbizi kuzama bila mwenzake, husema hapo hapo kwamba hiyo ni hatari. Ana haki ya kusema hivyo. Kila anayejifunza kuzama na mtungi huambiwa tangu mwanzo asiingie majini peke yake. Mwenza ndiye akiba yako: hewa ikikukatikia unavuta ya mtungi wake, ukinaswa anakunasua, ukishikwa na hofu anakushika mkono na kukupandisha taratibu.

Cheti cha mbizi ya peke yako kinathibitisha kwamba kila moja ya kazi hizo umeitafutia njia nyingine, na kwamba unaweza kuitumia njia hiyo ukiwa umebanwa. Hutolewa na mashirika ya mafunzo, si serikali. Shirika la SDI hutaka mwanafunzi awe na miaka 21. Wenzao wa PADI, ambao huiita kozi ya mpiga mbizi anayejitegemea, hupokea kuanzia miaka 18. Wote wawili wanataka uwe umeshapita ngazi ya juu ya mafunzo ya kawaida na uwe na mbizi 100 kwenye daftari lako. Hiyo 100 ndiyo sharti ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu mtu ambaye bado anahangaika kutulia majini hana nafasi kichwani ya kushughulikia jambo la pili likiharibika.

Moyo wa kozi ni hesabu ya hewa. Unaogelea kwa mwendo wa kawaida kwenye kina cha mita 10 kwa dakika 10, halafu unasoma geji ya shinikizo la mtungi. Tuseme mtungi wako ni wa lita 12 na shinikizo limeshuka kwa baa 30 (baa ni kipimo cha shinikizo; baa 1 ni karibu shinikizo la hewa ya kawaida). Umevuta lita 360, yaani 36 kwa dakika. Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu, kwa hiyo juu ya maji ungevuta lita 18 kwa dakika. Sasa chukulia uko mita 20, shinikizo ni mara 3, mtungi mkuu umeharibika na hofu imekufanya uvute mara mbili zaidi, yaani lita 36. Dakika 1 ya kutambua tatizo na kubadili hewa inakula lita 108. Kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika kunakula kama lita 160. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5, ili mwili utue kabla ya kutokea, kunakula nyingine 160 hivi. Jumla ni karibu lita 430. Mtungi mdogo wa akiba wa lita 3 uliojazwa baa 200 una lita 600, unatosha. Ule wa lita 2 una lita 400, nao utakuachia mapafu matupu kabla hujafika juu. Wapo wanaoununua huo wa lita 2 kwa sababu ni mwepesi kubeba.

Mengine ni vifaa na mazoezi: kompyuta ya pili ya mbizi (kifaa cha mkononi kinachohesabu kina na muda), barakoa ya akiba mfukoni, boya la kupandisha ili mashua ikuone, na kisu au mkasi mahali ambapo mkono wowote utafika. Mwalimu hukufanya uvue barakoa na kubadili hewa bila msaada mara nyingi, mpaka mikono ifanye yenyewe.

Kwetu Kisumu dhana hii ina uzito wa aina yake. Maji ya Ghuba ya Winam, pembe ya Ziwa Victoria tunapoishi, ni ya tope, na siku nyingi huuoni hata mkono wako vizuri. Wawili wakizama humo kutoka ufuko wa Dunga, kila mmoja ni kama yuko peke yake, hata kama kwenye karatasi wameandikwa ni wenza. Kwa hiyo stadi za kujitegemea zinamfaa hata yule asiyekusudia kamwe kuzama pweke. Nyavu zilizoachwa chini, nyingine ni za nyuzi nyembamba zisizoonekana, na mkasi hukata nyuzi hizo haraka kuliko kisu. Lakini kuwa na cheti hakufanyi ziwa liwe mahali pa kuzama pweke. Kuna viboko, kuna mamba, kuna kichocho, kuna gugu maji linaloweza kusogezwa na upepo likafunika pale ulipopangia kutokea. Mimi ningesema bayana: kozi ifanyie baharini, Diani au Watamu, na ziwani zama na watu, ukiwa na kamba na mashua juu.

Pia cheti hiki hakimhusu anayezama kwa pumzi moja bila mtungi, kama wafanyavyo vijana wengi wa ufukweni, wakati mwingine wakitafuta aliyekufa maji. Huyo anaweza kuzimia akikaribia juu, oksijeni ikishapungua, bila dalili yoyote ya kumwonya. Hakuna kifaa cha akiba kinachoweza kumwamsha. Mbizi ya namna hiyo daima inataka mtu wa pili anayekutazama.

Jambo la mwisho aliyesomea pwani hulisahau. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mbizi yoyote juu ya mita 300 huhesabiwa kama mbizi ya nyanda za juu. Hewa ya juu ya ziwa ni nyepesi, kwa hiyo mita 20 za hapa mwili unazihesabu kama mita 22 hivi. Hakikisha kompyuta yako inajua iko wapi. Maji ya ziwa, yasiyo na chumvi, pia hukuinua kidogo kuliko ya bahari, hivyo punguza vipande vya risasi unavyovaa kwenye mkanda ili uzame. Halafu kuna barabara. Ukitoka Kisumu kwenda Nakuru kupitia Kericho unapita Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, sawa na shinikizo ndani ya ndege. Nitrojeni, gesi ya hewa inayojaa mwilini ukiwa chini ya maji, ikibaki humo inaweza kufanya mapovu njiani kama inavyofanya angani. Kanuni ya kupanda ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 baada ya mbizi kadhaa, na sioni sababu ya kuipa barabara hii muda mfupi zaidi. Ukizama mara mbili Jumamosi na kutoka majini saa kumi jioni, matatu ya Nakuru ni ya Jumapili kuanzia saa nne asubuhi.