Kivuli kilichochelewa: masomo ya vitendo kwa watoto wanaosomea nyumbani

Machi iliyopita, saa sita kamili mchana, watoto kumi na wawili walikuwa wamechutama uani kwangu Mombasa wakisubiri kivuli cha mpini wa ufagio kipotee. Hakikupotea. Mpini ulikuwa wa mita 1, na kivuli kilibaki sentimita 14, kimelala kuelekea bara, yaani magharibi. Kijana wa miaka kumi na mmoja akanitazama kwa huruma: "Mwalimu, umekosea siku."

Siku ilikuwa sawa. Niliwaacha wakosee saa, tena kwa makusudi.

Kila Jumatano nafundisha sayansi na hesabu kwa vitendo, kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa watoto wanaosomeshwa nyumbani, gredi ya kwanza hadi ya tisa. Kabla ya hapo nilishika chaki shuleni kwa miaka mingi. Wengi wa watoto hawa hufuata mitaala ya vijitabu: mtoto anasoma ukurasa, anajaza nafasi, anaangalia majibu, anajisahihisha. Sina ugomvi na vijitabu. Wapo wanaosoma vizuri kuliko wengi niliowafundisha darasani. Habari ya sheria naipita haraka: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi wa Kenya ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na elimu ya nyumbani haikuwekewa utaratibu wake humo. Anayetaka kuanza na amwone wakili, si mwalimu wa mipini ya ufagio.

Wazazi wakinipigia simu huuliza vifaa kwanza. Una hadubini? Una maabara? Swali la haki, ila mimi naona pengo la nyumbani liko kwingine. Kinachokosekana ni mtoto wa pili aliyepima kitu kile kile akapata namba nyingine. Nyumbani jibu ni moja, na liko nyuma ya kijitabu au kichwani mwa mama. Mtoto akikosa, anafuta, anaandika lililo sahihi, anafungua ukurasa. Hajawahi kulazimika kuuliza: je, kama mimi ndiye niliyepima vizuri?

Basi siku ile ya kivuli, vikundi vitatu vilipata 14 na kikundi cha nne kikapata 19. Zikaanza shutuma. Hawa hawajui kusoma futi. Wale wamepima wakichelewa. Mama mmoja alitaka kuingilia, nikamkumbusha sharti letu: mzazi hashiki futi. Baada ya kelele nyingi, binti mmoja akafunga jiwe kwenye uzi, akauning'iniza kando ya mpini wa kile kikundi cha nne. Timazi, kama ya fundi wa ujenzi. Mpini ulikuwa umeinama upande wa magharibi, kichwa chake kimetoka kwenye wima kwa sentimita 5. Kumi na nne na tano, kumi na tisa. Hakuna aliyewaambia.

Wakausimamisha sawasawa, tukasubiri. Saa 6 na dakika 32 mipini yote minne ilikuwa haina kivuli.

Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 10 Machi na tena karibu na tarehe 3 Oktoba. Swali lilikuwa zile dakika 32 zimetoka wapi. Kwa Mswahili swali hili lina uzito wake, maana saa sita ndiyo mchana wenyewe. Saa yetu imehesabiwa kutoka kwenye jua, halafu jua linachelewa! Wakubwa walifungua ramani. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45, mstari ambao haupiti Kenya kabisa. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Mombasa iko kwenye nyuzi 39 na kitu. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika 4, kwa hiyo jua likishapita kule linatufikia sisi baada ya dakika 21. Zikabaki dakika 11 bila maelezo, nami nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ufundishaji huu, na mimi ni mtu wa maneno mengi.

Jumatano iliyofuata binti yule wa timazi alikuja na kalenda ya nyakati za sala, ile inayotundikwa ukutani. Alikuwa amepitia safu ya adhuhuri mwezi baada ya mwezi. Februari adhuhuri huchelewa kuliko miezi yote. Mwanzoni mwa Novemba huwahi kuliko yote. Tofauti inakaribia nusu saa. Kalenda hiyo ilikuwa nyumbani kwao tangu azaliwe. Hapo ndipo nilipoeleza kwamba dunia haiendi kwa mwendo mmoja katika kulizunguka jua, tena imeinama, na mambo hayo mawili huifanya adhuhuri iwahi au ichelewe. Walisikiliza, kwa sababu dakika 11 zilikuwa deni lao wenyewe.

Nakiri sikuanza hivi. Miaka ya mwanzo nilikuwa na volkano: udongo, siki, magadi, rangi nyekundu. Watoto walipiga makofi, wazazi walipiga picha, na hakuna aliyejifunza kitu, maana hakukuwa na la kukisia. Kila mtu alijua itafoka. Siku hizi siki na magadi wanapewa na mizani ya jikoni, wanaulizwa magadi kiasi gani yatafanya siki isifoke tena hata ukiongeza. Makofi yamepungua.

Wadogo, wa miaka sita hadi tisa, nawapa kazi ya shibiri. Pima meza kwa shibiri zako. Mmoja anapata saba, mwingine tisa, na ugomvi hauishi mpaka wakubaliane shibiri ya nani itumike. Wakishachagua, wanaikata kwenye kamba kila mtu awe nayo. Hapo futi wanaielewa bila mimi kuifafanua.

Ufuoni twaenda siku za bamvua, zile ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, kwa sababu siku hizo maji Mombasa huwa yamekupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, muda wetu wa somo, kisha huanza kujaa. Kila kikundi kinachomeka kijiti ukingoni mwa maji kila baada ya dakika kumi. Wengi huwa wamechora kabla mstari ulionyooka: maji yatapanda sawasawa mpaka yajae. Mwanzoni vijiti husongamana, maji kama yamelala. Saa ya pili vinaanza kuachana, na mwishoni tunabeba viatu mkononi tukikimbia. Wavuvi wanalijua hili bila kuchora, na mtoto wa mvuvi aliyekuwa nasi mwaka jana alikataa kata kata kuchora mstari ulionyooka. Wenzake wakamcheka hadi maji yalipowafikia.

Makisio yote huandikwa kwa kalamu ya wino. Penseli nimeipiga marufuku. Watoto waliozoea kujisahihisha wana mkono mwepesi wa kufuta, na anayefuta kisio lake hana cha kulinganisha na alichokiona. Wiki za kwanza wapo wanaolia, kweli kabisa, kwa sababu daftari limebaki na namba isiyo sahihi. Mzazi akitaka kujua kama darasa la vitendo linafaa, hapa kwangu au kwingineko, namshauri aombe daftari, atazame kama kuna namba iliyoandikwa kabla ya kazi kuanza. Picha za watoto waliovaa koti jeupe hazimwambii kitu.

Oktoba tunarudi kwenye kivuli. Safari hii kitatoweka karibu saa 6 na dakika 10, na hilo kalenda ya ukutani imeshawaambia. Kwa hiyo nimewaongezea. Familia moja imehamia Malindi, kaskazini yetu, na watoto wao watasimamisha mpini wa mita 1 siku hiyo hiyo, kwa timazi, wakiwa kwenye simu nasi. Je, utakuwa na kivuli? Kama kipo, urefu wake ni kiasi gani, na kitalala upande gani? Nina makisio kumi na mawili, kuanzia "hakuna" hadi sentimita 30. Wawili wameandika kusini. Yule kijana wa "umekosea siku" ameandika sentimita 1 na nusu, kaskazini, na hataki kuwaambia wenzake ameipataje.