Kangaroo si huduma ya waliokosa mashine

Juzi tena. Baba mmoja amenivuta pembeni ya korido, sauti ya chini, mkono mfukoni: "Sista, kama ni suala la hela tuambiane. Mke wangu ameambiwa ambebe mtoto kifuani. Sisi tunaomba arudishwe kwenye mashine ya joto." Mtoto wake ana kilo 1.35, anapumua mwenyewe na anakunywa maziwa ya mama kwa mpira. Hakuna aliyemnyima mashine. Ametoka humo kwa sababu sasa kuna mahali panapomfaa zaidi, lakini nyumbani habari imefika kwamba hospitali imeishiwa vitanda na mtoto amefungwa khanga kama mzigo.

Nikisema ukweli, hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote katika wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati: kwamba tiba ni mashine, na kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ni ya kubangaiza tu, ya hospitali maskini na wazazi wasio na uwezo. Naisikia kwa mama lishe, naisikia kwa wanaokuja na bima kubwa. Hao wa bima ndio wabishi zaidi.

Nakubali kwamba historia inawapa nafasi ya kusema hivyo. Mwaka 1978 kule Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa, watoto wakilazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja na kuambukizana, na akina mama wengine wakiwatelekeza. Akaamua wawekwe vifuani mwa mama zao. Kwa hiyo ndiyo, uhaba ndio ulioanzisha. Ila miaka zaidi ya 40 imepita, na jambo hili limepimwa.

Matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani yalitoka mwaka 2021. Ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, na Muhimbili ilikuwemo. Walichukuliwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie. Kundi la pili lilianzia kwenye mashine za joto, kangaroo ikaja baadaye. Kwenye kundi la mashine kwanza walifariki karibu watoto 16 katika kila 100 ndani ya siku 28. Kwenye kundi la kifuani, 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana tofauti ilikuwa wazi mno kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika likatoa mwongozo: njiti na wote wenye uzito mdogo wabebwe kifuani kuanzia mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Soma tena hayo masaa. Kumbeba nusu saa baada ya chai kisha ukamrudisha ili ukachati, hiyo ni salamu. Wale watoto wa utafiti walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku.

Kifua kinafanya nini? Joto, kwanza. Njiti akishuka chini ya nyuzi 36.5 anaanza kuchoma nguvu zake kujipasha moto badala ya kukua. Pili, njiti husahau kupumua. Kupanda na kushuka kwa kifua chako kunamkumbusha. Tatu, anapokea vijidudu vya ngozi yako, ambavyo mwili wako tayari unavitengenezea kinga na kuipitisha kwenye maziwa. Na umeme ukikatika, mama hakatiki.

Sasa namna ya kumfunga, kwa sababu wengi wanaosema "kangaroo haimsaidii wangu" wamemfunga vibaya. Mtoto avae kofia, soksi na nepi, basi. Sidiria ivuliwe, ngozi iguse ngozi. Mweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuka kidogo, kisishuke kifuani kwake kikaziba njia ya hewa. Ukingo wa juu wa khanga uishie chini ya sikio. Kaza hadi ukisimama asiteleze, ila tumbo lake lisibanwe, maana kwa tumbo hilo ndipo anapumulia. Halafu usilale chali, egemea mito. Mgongo utauma, sikatai. Ukienda kuoga, mpe bibi yake au baba yake.

Wapo wanaohitaji mashine kwanza: aliyeshindwa kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, anayepumuliwa na mashine, aliye kwenye mshtuko wa mwili, yaani damu haizunguki vya kutosha. Hao tutakwambia. Mpira wa hewa puani peke yake si sababu ya kumnyima kifua.

Nimetaja baba, na hapo ndipo panazuka lingine. Wanaume wengi wanakataa kumbeba, wanasimama mlangoni kama wamekuja kudai deni. Ukichimba, wengine ni aibu, wengine ni hofu ya kubemenda, ile imani kwamba tendo la ndoa la mzazi humdhoofisha mtoto. Na mtoto akiwa mwembamba, mawifi wanaanza kunong'ona kuwa amebemendwa, wanamtazama mama, wanamtazama baba, wanahesabu. Acheni. Mafuta chini ya ngozi mtoto huyapata zaidi wiki za mwisho za ujauzito. Huyu amezaliwa kabla ya hizo wiki, angeyapata wapi? Tendo la ndoa la mzazi halimkondeshi mtoto, la ndani wala la nje. La nje lina hatari zake, magonjwa yakiwemo, lakini hiyo ni kesi nyingine. Baba anaruhusiwa kubeba. Vua shati, oga, kaa.

"Usimguse, utamwambukiza." Mguse, ila kwanza nawa hadi kwenye kiwiko, vua pete na bangili. Na simu! Simu imetoka kwenye daladala, chooni, juu ya meza ya mgahawa, halafu unaishika baada ya kunawa na kumrudia mtoto. Ningekuwa na mamlaka ningeweka ndoo ya simu mlangoni. Tena njiti hapapaswi-papaswi. Kusuguliwa kunamchosha, utaona anakunja uso na kutanua vidole. Weka kiganja chenye joto, kimoja kichwani, kingine miguuni, kisha tulia hivyo hivyo.

Maziwa. Mama anakamua siku ya kwanza, anaona matone mazito ya njano, anayamwaga kwa aibu, kisha anatuma mtu duka la dawa akalete kopo. Yale matone ndiyo tuliyokuwa tunayasubiri. Mtoto wa kilo 1 siku za mwanzo anaweza kupewa mililita 2 tu kwa mlo, kwa hiyo "kidogo" chako kinatosha. Maziwa ya kopo yanamwongezea njiti hatari ya utumbo kuvimba na kuoza, ugonjwa unaoua. "Yamekauka" mara nyingi maana yake hukukamua usiku. Kamua mara 8 kwa saa 24, na ile ya saa tisa usiku usiiruke. Hilo sibishani na mtu.

Oksijeni haiui. Watu wanaona aliyewekewa oksijeni amefariki, wanasema imemmaliza, wakati aliwekewa kwa sababu alikuwa anakufa. Kinachopaswa kuogopwa ni kuzidishiwa, kwani huharibu macho ya njiti. Ndiyo maana tunapima kila mara, na ndiyo maana macho yachunguzwe kabla hamjasahau, hasa kwa waliozaliwa wadogo sana.

Eti aliyezaliwa wa miezi saba anapona, wa minane anakufa? Hapana. Kila wiki inayoongezeka tumboni inamwongezea nafasi.

Kila asubuhi kuna foleni ya mzani, na kila asubuhi kuna anayelia. Kupungua siku za kwanza ni kawaida, mara nyingi hadi sehemu moja ya kumi ya uzito, na wengi huurudia ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo, mtoto wa kilo 1.2 akiongeza gramu 20 kwa siku amefanya kazi nzuri. Usimlinganishe na wa kitanda cha jirani, hamkuanza pamoja.

Wala hasubiriwi afike kilo 2.5 ndipo aruhusiwe. Tunaangalia ananyonya vizuri, anaongezeka, hapoi na hasahau kupumua. Nyumbani kangaroo inaendelea mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga akitaka kutoka. Na chanjo za wiki 6 hesabuni tangu siku aliyozaliwa, hata kama wiki zote hizo mlikuwa wodini. Kadi ikiwa haijajazwa, ulizeni kabla ya kutoka.