Kwa nini kisu kilichozimwa kwenye mafuta hurudishwa motoni?

Unyamwezi, eneo la Tabora, ilisifika kwa majembe ya chuma tangu karne ya 19, na hadi leo springi za magari mabovu hugeuzwa visu. Anayemtazama mhunzi wa Tabora akizima kisu, yaani akitumbukiza bapa lake jekundu kwenye mafuta lipoe ghafla, hudhani kwamba kazi imekwisha moshi unapotulia, kumbe bapa hilo bado halifai kukata hata muhogo.

Wengi husadiki kwamba kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo kisu kinavyokuwa bora, na imani hiyo ndiyo inayovunja visu. Bapa lililotoka kuzimwa ni gumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake, lakini likianguka sakafuni laweza kukatika vipande viwili. Ugumu hukataa kukwaruzwa na kupindwa, ilhali ustahimilivu hupokea pigo bila kupasuka, na kwa kawaida ukipanda mmoja, mwingine hushuka. Kuzima kwa maji badala ya mafuta hakuongezi ubora, kwa sababu maji hupoza upesi mno na springi huweza kupata ufa. Wala si kila chuma huitikia: springi ina kaboni ya takriban asilimia 0.6, lakini nondo ya kawaida ya ujenzi ina kidogo mno, na haitashika makali ya kudumu hata ikizimwa mara ngapi.

Kaboni hiyo ndiyo kiini cha jambo. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, na kikizidi hapo kidogo atomu zake hujipanga kwa namna inayoipa kaboni nafasi. Kikipoa polepole, kaboni hujitenga na chuma hubaki laini; kikipozwa ghafla, hunaswa ndani. Fikiria behewa la daraja la tatu la treni iendayo Kigoma, ambamo abiria ni atomu za chuma, na mizigo, yaani kaboni, imejaa hadi kwenye ujia. Hakuna abiria awezaye kusogea, na ndiyo maana chuma hakipindiki. Lakini msukumo mkubwa ukija, hakuna aliye na nafasi ya kupisha, na kinachoachia ni ukuta wa behewa. Moto wa pili huteremsha sehemu ya mizigo: kaboni kiasi hujikusanya katika chembe ndogo sana, mkazo hupungua, na ugumu unaopotea ni kidogo. Kinachostaajabisha ni kwamba nyuzi 200 hadi 250 zinatosha, joto la tanuri ya mikate.

Kabla ya moto huo bapa husuguliwa kwa msasa hadi ling'ae, ili rangi ionekane. Manjano hafifu hutokea karibu na nyuzi 220, hudhurungi 255, zambarau 280 na buluu 300. Rangi hizo ni utando mwembamba wa oksidi, na hutegemea muda pia, kwa hiyo bapa lililokaa sana kwenye joto la chini huweza kumdanganya fundi. Kisu cha jikoni hutolewa kwenye manjano, lakini panga la kukatia miti hufaa kufikishwa zambarau au buluu.

Hatari hurudi wakati wa kunoa kwa mashine, kwa maana msuguano hupasha ncha nyembamba ya makali kwa sekunde chache tu. Makali ya kisu cha springi yakigeuka buluu hapo, ugumu wake umeshuka, na kuyasugua hadi yang'ae huondoa rangi tu. Sehemu hiyo sharti inolewe hadi iishe, au bapa lote lizimwe upya na kurudishwa motoni.